Jicho Jekundu Lisilouma Ndilo la Kuogopwa

Bismillahir Rahmanir Rahim



Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, wazazi na wanafunzi, leo tunataka kuzungumza juu ya jicho. Si jicho la husuda, hilo limekwishazungumzwa sana misikitini na majumbani, na kwa maoni yetu limezungumzwa kupita kiasi. Tunazungumzia jicho hili la nyama, na hasa kile kioo cha mbele kinachoifunika mboni, ambacho madaktari wanakiita konea.

Sababu ya kulizungumza ni hii. Hapa Bujumbura, Buyenzi na Bwiza, Kinama na Kamenge, tuna mazoea mawili ambayo sisi waalimu wa madrasa tunayaona kila mwaka, na zaidi wakati wa kiangazi vumbi linapopanda. La kwanza, jicho likiuma tunakimbilia kuyanyamazisha maumivu kwa chochote kilicho karibu. La pili, jicho lisipouma tunasema si kitu, hata kama ni jekundu na limeingia ukungu. Mazoea yote mawili yanatokana na kutoijua kazi ya maumivu, na yote mawili yanawapotezea watu macho ambayo yangepona.

Tuanze na konea yenyewe. Ni utando mwembamba, unene wake katikati ni kama nusu milimita. Haina damu hata tone, kwa sababu damu ingezuia nuru kupita. Hewa inaipata kutoka nje kupitia machozi, na chakula chake kinatoka katika maji yaliyo nyuma yake ndani ya jicho. Lakini kitu hiki kisicho na damu kimejazwa mishipa ya fahamu kuliko mahali pengine popote pa nje ya mwili. Wataalamu wanakadiria kuwa ncha za mishipa ya fahamu katika konea ni mara 300 hadi 400 ya zile za ngozi kwenye eneo lenye ukubwa ule ule. Ndiyo maana chembe ya mchanga ambayo ukiishika kiganjani huisikii kabisa, ikiingia jichoni inakusimamisha njiani na mzigo kichwani.

Mishipa hiyo inatokana na mshipa wa tano kati ya mishipa mikubwa ya fahamu ya kichwa, ule unaoupa uso wote hisia. Tawi lake la juu linahudumia paji la uso, ncha ya pua na jicho. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili la paji la uso na ncha ya pua, maana tutalirudia. Nyuzi zake zinaingia konea kutokea pembeni pande zote, zinagawanyika na kugawanyika tena, mpaka zinapenya katikati ya seli za tabaka la juu kabisa. Mjerumani Friedrich Schlemm ndiye aliyezieleza kwanza, mwaka 1831.

Watu wengi wanajua kazi moja tu ya nyuzi hizi, nayo ni kuuma. Kwa kweli zinafanya kazi zaidi ya hiyo. Zinapohisi jicho limeanza kukauka zinaamrisha kope zifumbe na machozi yatoke, na hilo linatokea mchana kutwa bila wewe kulifikiria. Na zina kazi nyingine iliyofichikana, ambayo ndiyo kiini cha makala hii: zinaponya. Nyuzi hizi zinatoa kemikali ndogo ndogo zinazolisha seli za konea na kuziamuru zizaliane. Tabaka la juu la konea linajibadilisha lote kila baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Mtoto akijikwaruza kwa ukucha, konea yenye mishipa mizima inaweza kuziba mkwaruzo mdogo ndani ya siku moja hadi tatu. Kwa hiyo ule mshipa unaokutesa ndio ule ule unaokutibu.

Jambo hili lilianza kuonekana zamani. Mwaka 1824 Mfaransa François Magendie aliukata mshipa huu wa tano kwa wanyama, akaona baada ya siku chache jicho la upande uliokatwa linaingia ukungu na kufanya kidonda, na hali yeye hakuligusa jicho lenyewe. Wanazuoni wa tiba wakabishana kwa muda mrefu. Wengine wakasema ni vumbi tu, kwa sababu jicho halifumbi vizuri. Leo inajulikana kuwa kukauka ni sehemu ya sababu, na sehemu nyingine ni hiyo kwamba seli zimekosa mlezi wao.

Basi mtu akifiwa na mishipa ya konea, anapata kidonda ambacho hakizibi na wala hakiumi. Kinaweza kukaa wiki na wiki. Kinaanza kama doa lisilong'aa, kinakuwa shimo, na mwisho konea inaweza kutoboka. Na mgonjwa anakuja taratibu kwa miguu yake, anasema, "Naona tu kama kuna moshi."

Tumemuona bibi mmoja wa mtaani kwetu aliyepatwa na hali hii. Alitokwa na malengelenge upande mmoja wa paji la uso, yakashuka hadi kwenye pua. Ni ule ugonjwa unaoitwa mkanda wa jeshi, ambao kwenye vituo vyetu vya afya wanauita zona. Aliumwa vibaya kwa wiki mbili, hakulala. Kisha malengelenge yakakauka, maumivu ya jicho yakaisha, nyumbani wakashukuru wakachinja jogoo. Jicho lilibaki jekundu kidogo. Kila aliyeuliza alijibiwa, "Alhamdulillahi, haliumi tena." Walipokuja kumpeleka kwa daktari, doa jeupe lilikuwa limeshakaa mbele ya mboni. Maumivu yaliisha kwa sababu mshipa ulikufa, si kwa sababu jicho lilipona. Hakuna aliyemdharau bibi huyu. Watoto wake walimhudumia kwa mapenzi, ila hawakuwahi kuambiwa.

Basi na waambiwe wengine. Zona ikitokea upande wa juu wa uso, na hasa malengelenge yakifika kwenye ncha ya pua, jicho liko hatarini hata kama bado ni jeupe, kwa sababu ncha ya pua na konea zinashiriki tawi moja la mshipa. Mgonjwa apelekwe haraka. Dawa za kuua virusi zinafaa zaidi zikianzwa mapema, ndani ya siku tatu tangu upele ulipojitokeza. Na baada ya kupona ngozi, jicho liangaliwe tena. Zona huwapata zaidi wazee na wale ambao kinga yao ya mwili imepungua. Mtu asione haya kwa kufikiri kuwa majirani watasema hivi au vile.

Yako maradhi mengine yanayoiua mishipa hii kimya kimya. Virusi vya malengelenge ya mdomo vinaweza kuingia jichoni na kurudi mara kwa mara, na kila vinaporudi konea inapoteza hisia zaidi. Ukoma, ambao haujatoweka katika nchi zetu, unaharibu mshipa wa hisia na mara nyingi pia ule wa kufumba kope, kwa hiyo jicho halihisi vumbi na halifumbi. Asidi ya betri na chokaa, vitu ambavyo mafundi na wajenzi wetu wanavishika kila siku, vinaunguza konea pamoja na mishipa yake. Hapo dawa ya kwanza ni maji safi mengi, papo hapo, kwa dakika zisizopungua 15 au 20, ndipo mtu apelekwe hospitali.

Na kisukari. Hapa tunawasemesha wazazi wetu waliokwisha kupimwa na kuambiwa wana sukari. Wengi wanajua habari ya miguu: ganzi inaingia, mtu anakanyaga msumari hajui, kidonda kinakataa kupona. Jambo lile lile linatokea kwenye konea. Kwa darubini maalumu wataalamu wanaziona nyuzi za konea zikipungua kwa wenye kisukari, wakati mwingine kabla mgonjwa hajalalamika ganzi yoyote ya miguu. Basi mwenye sukari akiona jicho lake jekundu na halimsumbui, asijihesabu mwenye bahati.

Tugeukie sasa upande wa pili, wa wale wanaoumwa na wanataka maumivu yanyamaze.

Buyenzi ni mtaa wa magereji na mafundi, kila mtu anajua. Ukipita karibu na soko la Ruvumera utawaona vijana wanachomelea vyuma, wengine wamevaa miwani ya jua tu, wengine wanageuza uso pembeni na kufumba jicho moja. Mwanga wa kuchomelea unaunguza ngozi ya juu ya konea kama jua linavyounguza ngozi ya mgongo. Maumivu hayaji saa ile ile. Yanakuja baada ya saa 6 hadi 12, usiku, mtu ameshalala. Anaamka anahisi macho yamejaa mchanga wa moto, machozi yanamtiririka, taa hawezi kuitazama. Kwa kawaida jeraha hili linapona ndani ya siku moja au mbili likiachwa na mishipa yake ifanye kazi, kwa kupumzika gizani, dawa ya kumeza ya maumivu, na mafuta ya jicho kama daktari ataona haja.

Lakini vijana wamegundua njia ya mkato. Ipo dawa ya matone ya ganzi, ile ambayo daktari wa macho anaitia kabla ya kupima au kutoa kibanzi. Tone moja tu na maumivu yanaondoka ndani ya dakika. Baba wa wanafunzi wetu wawili, fundi hodari, aliipata chupa yake kwa mtu anayefahamiana naye, akaitia usiku, akaitia alfajiri, akaenda kazini akaitia mchana. Kila ganzi ilipoisha maumivu yalirudi makali zaidi, naye akaongeza. Baada ya siku chache kile kilichokuwa muunguzo wa kupona kwa siku mbili kikawa kidonda. Alipona, wa lillahil hamd, lakini jicho la kulia halioni kama zamani, na fundi anahitaji macho mawili kupima.

Si ajabu ikawa hivyo. Ganzi inazima kengele ya hatari, na pamoja nayo inawazima waganga wa jicho. Tena dawa yenyewe ni sumu kwa seli changa za konea ikirudiwa rudiwa. Dawa hii ni ya mkono wa daktari, ndani ya chumba cha daktari. Haipewi mgonjwa kwenda nayo nyumbani. Mwenye farmasi anayeiuza kama anavyouza peremende, tunamwambia kwa upole lakini wazi kwamba atakuja kuulizwa juu ya macho ya watu.

Na hayo matone mengine ya kuondoa wekundu, yenye steroidi, yanayonunuliwa bila karatasi ya daktari, nayo tuyaogope. Yanafanya jicho liwe jeupe na lipendeze huku virusi au ukungu vikiila konea chini yake.

Sasa tuje kwenye yale ya nyumbani, na hapa tunajua tutawagusa baadhi ya wazee wetu. Watu wanatia machoni maziwa ya mama, maji ya majani yaliyopondwa, chai ya rangi, mate, maji ya chumvi, na wengine, Allah atuhifadhi, mkojo. Si sisi Warundi tu. Mapema mwaka 2024, ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na kisha Mombasa, madaktari walilazimika kuwasihi watu wasijitie vitu vya kienyeji, kwa kuwa maradhi yale ya virusi mara nyingi yanaondoka yenyewe ilhali dawa za jikoni zinaacha makovu. Na katika mji wa Mbarara, Uganda, wataalamu waliwafuatilia wagonjwa 313 wenye vidonda vya konea vya kuambukizwa, tangu mwishoni mwa 2016 hadi mapema 2018. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia dawa za kienyeji kabla ya kufika hospitali. Si kwamba ni watu wajinga. Hospitali iko mbali, pesa hakuna, na jirani yupo karibu na ana uhakika na anachokisema.

Wapo wanaozipaka dawa hizi rangi ya dini, na hapo ndipo sisi waalimu hatuwezi kunyamaza. Mmoja atakuambia kuwa Mtume (S.A.W.) alitia mate yake kwenye macho ya Sayyidna Ali siku ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, naye akapona papo hapo. Ni kweli, habari hiyo ni sahihi. Lakini ile ilikuwa muujiza wa Mtume. Hakuna miongoni mwetu mwenye mate ya Mtume, na aliyejaa dawa ya meno iliyooza mdomoni asijifananishe. Mwingine ataleta asali na mafuta ya habbat sawdaa. Asali ina tiba, Allah ametaja hivyo katika Suratun Nahl na sisi tunaamini. Lakini asali ya chupa ya sokoni, imeguswa na mikono kumi na nzi ishirini, kuitia kwenye kidonda cha konea si kuitumikia aya. Kombe nalo ni hivyo hivyo. Anayetaka kumsomea mgonjwa wake Qur'ani na amsomee, ruqya ni sunna na moyo wa mgonjwa unapata utulivu. Wino na maji ya sahani visiingizwe jichoni.

Kuhusu mkojo, mbali na unajisi wake, unaweza kubeba vijidudu vya kisonono, na vijidudu hivyo vina uwezo wa kutoboa konea kwa muda mfupi sana. Mtu atasema, si Mashafi'i wameruhusu kujitibu kwa najisi? Imamu Nawawi ameeleza ruhusa hiyo, isipokuwa kwa kileo, lakini kwa masharti: kisipatikane kitu tohara kinachofanya kazi hiyo, na iwe kwa ujuzi wa tiba au kwa kauli ya tabibu mwaminifu. Wapi tabibu mwaminifu aliyeagiza mkojo? Ruhusa hii inafaa kwa jambo jingine kabisa. Hospitali kubwa zinatengeneza matone kutokana na maji ya damu ya mgonjwa mwenyewe, kwa ajili ya konea iliyokufa mishipa, kwa sababu ndani yake mna vitu vya kulisha seli. Muislamu akipendekezewa dawa hiyo na akaingiwa na shaka, asiikimbie, amuulize sheikh wake huku akimpa maelezo kamili ya daktari.

Wanja tuutaje kwa kifupi. Ithmid imesifiwa katika hadithi, na hatuna ubishi. Lakini unga mwingi unaouzwa leo kwa jina hilo una madini ya risasi, nayo ni sumu kwa akili ya mtoto. Na kijiti kimoja cha wanja kinapopita macho ya dada watano kinahamisha ugonjwa kutoka kwa mmoja hadi kwa wote.

Kisha kuna suala la Ramadhani, ambalo linatuumiza kichwa kila mwaka. Mgonjwa wa kidonda cha konea mwanzoni anaweza kuandikiwa matone kila saa, usiku na mchana. Ukiingia mwezi mtukufu anaacha mchana kutwa, anangoja futari, akidhani anailinda saumu yake. Madhehebu yetu ya Kishafi'i hayahesabu jicho kuwa tundu la wazi linalofika tumboni, kwa hiyo kinachotiwa jichoni hakifunguzi, hata ladha yake ikisikika kooni. Wamaliki na Mahambali wana kauli nyingine inapofika ladha kooni, na tunaiheshimu. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa lilipokutana Jidda mwaka 1997 liliamua kuwa matone ya macho hayabatilishi saumu. Anayetaka kutoka katika hitilafu ana njia nyepesi: akishatia tone afumbe jicho, abane kwa kidole ile kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja au mbili, dawa haitashuka. Na ambaye daktari amemwambia hali yake ni ya hatari, Allah amekwishamwekea ruhusa ya mgonjwa katika Suratul Baqara. Jicho likitoboka halina kadha.

Vivyo hivyo udhu. Kuosha ndani ya jicho si wajibu. Ambaye jicho lake limefungwa au kope zimeshonwa, asilazimishe maji, kuna hukumu ya kupaka na kuna tayammamu, na mwalimu wake atamwelekeza.

Tumetaja kope kushonwa, na tunajua litawashtua wengine. Kwa konea isiyo na hisia, madaktari kwanza wanatumia matone na mafuta ya kulainisha, wanafunga jicho usiku, na kidonda kikikataa wanazishona kope sehemu, ili jicho libaki limefunikwa na seli zipate nafasi. Familia nyingi zinakataa kwa sababu ya sura. "Binti ataolewaje?" Sisi tunasema mshono unafunguliwa, kovu la konea halifunguki. Ipo pia dawa mpya ya matone yenye ile protini ya kukuza mishipa ya fahamu ambayo Rita Levi-Montalcini, mama wa Kiitaliano, aliigundua, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 pamoja na Stanley Cohen. Dawa iliidhinishwa Ulaya mwaka 2017 na Marekani mwaka 2018. Inatiwa mara 6 kwa siku kwa wiki 8. Bei yake huko Marekani ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo kwa mtu wa Buyenzi ni kama habari ya mwezini. Sindano na uzi tunavyo.

Labda kuna atakayetuambia kuwa subira ni bora, kwani imepokewa kuwa aliyepoteza macho yake mawili akasubiri atalipwa Pepo. Hadithi hiyo tunaifundisha, na tunawafundisha watoto habari za Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuwa muadhini wa Mtume. Lakini subira ni ya aliyepoteza. Anayeweza kutibiwa ameamrishwa ajitibu. Na hadithi ya Waumini kuwa kama mwili mmoja, ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua, nayo imesimama juu ya maumivu: kiungo kimoja kikiugua mwili mzima unakesha. Kiungo kilichopoteza hisia hakuna anayekesha nacho.

Nchi yetu imeonyesha kuwa inawezekana. Trakoma, ule ugonjwa unaogeuza kope ndani zikawa zinaisugua konea mpaka linakuwa giza, ulikuwa umeenea katika sehemu kadhaa za Burundi. Ikafanyika kazi ya miaka, dawa zikagawiwa, kope zikafanyiwa upasuaji, watu wakahimizwa maji na usafi wa uso, na mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likathibitisha kuwa Burundi imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Hilo halikufanywa na madaktari wa macho peke yao, maana ni wachache. Lilifanywa pia na wahudumu wa vijijini waliopita nyumba kwa nyumba.

Sisi tunaomba misikiti ya Bujumbura ifanye sehemu yake. Kamati zitenge kidogo katika sadaka za Ijumaa kwa ajili ya nauli na karatasi ya daktari kwa mgonjwa wa jicho asiye na kitu. Hospitali ya Kamenge, ambayo hata leo watu wanaiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudia, haiko mbali na sisi. Wenye magereji wawanunulie vijana ngao za uso za kuchomelea, maana bei yake haifiki bei ya jicho. Wazazi wakamilishe chanjo za surua na vitamini A kwa watoto. Na waalimu wenzetu, mtoto akija darasani na jicho jekundu asiambiwe anajifanya. Aitwe mzazi, aulizwe mambo manne: anaona vizuri? mwanga unamsumbua? kuna doa jeupe au la kijivu? kuna kilichotiwa? Doa likiwepo au uoni ukipungua, ni siku ile ile kwa daktari, liume lisiume. Daktari atagusa konea kwa uzi wa pamba aone kama kope zinashtuka, kisha atatia rangi ya manjano inayong'aa kijani chini ya taa ya bluu, na kidonda kitajionyesha. Msijaribu hayo ya pamba nyumbani.

Na zile chupa za matone zilizobaki kabatini tangu mwaka jana, za baba, za shangazi, za mgeni aliyetoka Uvira: chupa iliyofunguliwa haizidishi wiki nne. Zitupwe leo.

Wabillahi tawfiq, wallahu a'alam.